Kumwambia Mungu panapouma: kuanza kupona kidonda cha moyo kwa Zaburi ya 13

Aliyeumizwa huambiwa mapema mno: samehe, usahau. Wanaosema hivyo wana nia njema, lakini wanamrukisha hatua. Kati ya Zaburi 150, nyingi ni za kulalamika mbele za Mungu, na waliozitunga walikuwa watu wa imani. Kulia huja kwanza. Kusamehe kuna wakati wake.

Anza na mwili. Katika 1 Wafalme 19, nabii Eliya alipoomba afe chini ya mti wa mretemu, malaika hakumhubiria. Alimpa mkate uliookwa juu ya makaa na gudulia la maji, akamwacha alale tena, kisha akamwamsha ale mara ya pili. Kwa hiyo wiki ya kwanza usifunge, wala usiende mkesha. Kula ugali wako na mlenda hata kama hamu haipo, na ulale mapema. Mtu aliyekosa usingizi siku tatu huona kila jambo jeusi kuliko lilivyo.

Kisha tafuta daftari dogo la shule na dakika 20 kila siku, saa ileile. Alfajiri kabla nyumba haijaamka panafaa. Fungua Zaburi ya 13. Ina mistari 6 tu, nayo imegawanyika sehemu tatu. Mstari wa 1 na 2 ni malalamiko: “hata lini” inarudi mara nne. Wa 3 na 4 ni ombi. Wa 5 na 6 ni tumaini. Wewe andika ya kwako kwa mpangilio huohuo.

Sehemu ya kwanza ndiyo watu huiharibu. Wanaandika “Bwana, nimeumizwa sana,” wanafunga daftari, na moyo unabaki ulivyokuwa. Taja jambo lenyewe: “Hata lini, Bwana? Kaka ameuza shamba la zabibu la baba kule Hombolo bila kuniambia, na mimi ndiye niliyemuuguza baba miaka miwili. Kwenye kikao cha ukoo hakuna aliyenitazama usoni.” Sentensi kama hiyo inauma kuiandika, na ndiyo inayotakiwa. Kama ulilelewa kwa Kigogo au Kirangi, andika kwa lugha hiyo. Uchungu wa utotoni mara nyingi hautoki vizuri kwa Kiswahili cha kanisani. Mkono ukianza kutetemeka, acha hapo, kunywa maji, endelea kesho.

Ombi liwe dogo na la leo: usingizi, au nguvu ya kukutana naye Jumapili bila kutetemeka. Sehemu ya tatu isipokuja, usiigize. Zaburi ya 88 inaishia gizani, na bado imo katika Biblia.

Baada ya wiki mbili hivi, mtafute mtu mmoja. Si jumuiya nzima: tumeona siri nyingi zikitembea mtaani zikiwa zimevaa vazi la “tumwombee ndugu yetu”. Mpe kwanza jambo dogo, ungoje wiki moja. Likibaki kwake, mwambie: “Naomba saa moja unisikilize. Leo sihitaji ushauri.” Anaweza kuwa mchungaji, katekista, au mama mzima wa umoja wa wanawake asiyependa maneno.

Sasa kusamehe. Soma Mwanzo 42 hadi 45 polepole. Yusufu, aliyeuzwa na ndugu zake, alijitenga akalia, akamzuia mmoja wao, Simeoni, akawapima kwa kikombe cha fedha, ndipo akasema, “Mimi ni Yusufu.” Kusamehe ni kuacha kisasi mikononi mwa Mungu. Kumrudishia mtu ufunguo wa nyumba ni jambo jingine, linalotegemea alivyobadilika. Kama umepigwa au kubakwa, nenda hospitali na Dawati la Jinsia na Watoto la polisi. Kushtaki hakuvunji msamaha, na anayekwambia vinginevyo anakosea. Kama aliyeumizwa ni mtoto, piga 116, namba ya msaada kwa watoto.

Dawa na maombi havigombani. Ukikosa usingizi wiki mbili mfululizo, au ukisikia sauti wasizosikia wengine, nenda ukapimwe. Dodoma tuna Hospitali ya Mirembe, ya afya ya akili. Wazo la kujiua likikujia, usisubiri kesho: mwambie mtu aliye karibu akupeleke leo, wala asikuache peke yako. Na usiache vidonge kwa sababu umeombewa. Daktari ndiye apunguze.

Uchungu utarudi, hasa tarehe ya tukio ikifika au ukimwona mhusika sokoni Majengo. Hilo halimaanishi kwamba msamaha wako ulikuwa wa uongo. Siku hiyo usianze na mstari wa 5. Fungua ukurasa mpya, andika tarehe, uanze tena na “hata lini”.