Kabla mlipuko mwingine haujafika: dawa za bakteria wodini

Aprili 2024 Shirika la Afya Duniani lilitoa takwimu ambazo kila kamati ya dawa ya hospitali ingepaswa kuzisoma. Kati ya wagonjwa waliolazwa kwa UVIKO-19 duniani, ni 8 tu katika kila 100 waliokuwa pia na maambukizi ya bakteria. Waliopewa antibayotiki walikuwa takriban 75. Kanda ya Afrika ilifika 83.

Aliyeandika dawa hizo si mzembe. Ni saa nane usiku, mgonjwa ana homa, oksijeni inashuka, picha ya kifua haisemi wazi kama ni virusi au bakteria, na maabara imefungwa. Anachoma seftriaksoni, antibayotiki ya sindano, kwa sababu ndiyo iliyopo mkononi. Kwa hiyo maandalizi ya mlipuko ujao wa ugonjwa yaanze na kumwondolea daktari wa zamu upweke huo.

La kwanza, na kwangu ndilo kubwa, ni maabara. Chupa za kuoteshea damu, yaani za kuotesha bakteria waliomo kwenye damu ili wajulikane, ziwepo wodini, na damu itolewe kabla ya dozi ya kwanza. Dawa ikitangulia, vimelea huweza kushindwa kuota hata kama vilikuwepo, na baada ya hapo mnatibu kwa kubahatisha. Pawe na mtu wa kupokea sampuli usiku na siku za sikukuu. Kipindi hiki cha utulivu kitumike pia kukusanya majibu ya mwaka mzima, ili ijulikane ni dawa zipi bado zinaua bakteria wa hospitali yenu. Mwongozo ulioandikwa kwa ajili ya mji mwingine hautawaambia hilo.

Kisha mwongozo wenyewe, ukurasa mmoja unaotosha. Mgonjwa wa virusi mwenye hali ya kawaida asipewe antibayotiki bila dalili za bakteria. Aliye mahututi anaweza kuanzishiwa, lakini sababu iandikwe kwenye faili, na baada ya saa 48 hadi 72 mtu anayejulikana kwa jina aamue: kuendelea, kubadilisha au kusitisha. Kuanza ni rahisi. Kusitisha ndiko kunakohitaji mfamasia anayepita wodini akiwa na mamlaka ya kuuliza. Azithromaisini, antibayotiki nyingine, ilitumika kwa wingi kwa wagonjwa wa UVIKO-19 mwaka 2020, ilhali jaribio la RECOVERY la Uingereza, lililochapishwa 2021, lilionyesha kuwa haikupunguza vifo vya waliolazwa.

Usafi wa mikono na glavu usisahaulike. Wodi ikifurika, kanula (mirija midogo ya mshipani) na mipira ya mkojo hukaa muda mrefu kupita inavyostahili, na huko ndiko bakteria sugu huingilia. Kila asubuhi iulizwe kama bado vinahitajika.

Usugu huu, yaani bakteria kutouawa tena na dawa, ambao hukuzwa na antibayotiki zinazotolewa ovyo, unaua tayari: mwaka 2019 ulisababisha moja kwa moja vifo vipatavyo milioni 1.27 duniani.

Mwisho, ndugu wa mgonjwa. Wengi hufika na vidonge walivyonunua duka la dawa, na wakimwona mgonjwa wao hachomwi sindano hudhani ametelekezwa. Wauguzi waandaliwe kuuliza mapema, bila kukaripia, mgonjwa ametumia nini nyumbani na kwa siku ngapi, waandike, halafu wawaeleze ndugu kinachofanyika badala ya sindano: oksijeni, maji, kumlaza kifudifudi, kumpima mara kwa mara.