Namna ya Kuandaa Ombi la Bajeti ya Mwaka la Wakala wa Usalama na Haki Kazini

Ombi la fedha la wakala unaosimamia usalama na haki kazini huanza kuharibika pale mwandaaji anapochukua makadirio ya mwaka uliopita na kuyaongezea asilimia chache, kwa sababu Hazina ikiuliza nyongeza hiyo itafanya kazi gani, jibu halipatikani. Anzia kwenye kazi yenyewe: sehemu za kazi zilizo chini ya wakala ni ngapi, zina wafanyakazi wangapi, na wakaguzi waliopo wanaweza kuzifikia ngapi kwa mwaka.

Hesabu hiyo ifanywe kwa siku. Tuchukulie kwamba mkaguzi ana siku 220 za kazi baada ya kuondoa likizo na sikukuu. Zikitengwa siku 40 za kushughulikia malalamiko na ajali, 60 za kuandika taarifa na kufika mahakamani, na 20 za mafunzo na vikao, zinabaki 100 za ukaguzi uliopangwa. Ikiwa ukaguzi mmoja huchukua siku nzima, wakaguzi 40 watafikia sehemu 4,000. Na daftari la sehemu za kazi likiwa na sehemu 20,000, kila moja itakaguliwa mara moja tu katika miaka 5. Hesabu hiyo ina uzito kuliko kurasa nyingi za kueleza umuhimu wa usalama, jambo ambalo hata hivyo hakuna mjumbe wa kamati atakayelipinga hadharani.

Kipimo cha kulinganishia kipo. Shirika la Kazi Duniani limekuwa likitumia mkaguzi 1 kwa kila wafanyakazi 10,000 katika nchi zenye uchumi mkubwa wa viwanda, na 1 kwa 40,000 katika nchi zenye maendeleo duni zaidi. Kwa nchi iliyouridhia, Mkataba Na. 81 wa shirika hilo wa mwaka 1947, unaohusu ukaguzi wa kazi, ni hoja yenye nguvu zaidi: kifungu cha 10 kinataka wakaguzi wa kutosha, na cha 11 kinataka ofisi zenye vifaa, usafiri pale ambapo usafiri wa umma haupo, na mkaguzi kurejeshewa gharama za safari.

Safari ndizo za kupigania. Mishahara ni vigumu kukatwa, kwa hiyo upunguzaji huangukia mafuta, posho na matengenezo ya magari, na matokeo yake serikali inamlipa mkaguzi mshahara kamili akiwa amekaa ofisini. Usiombe ajira mpya bila kuambatanisha gharama ya kumfikisha kila mwajiriwa huyo kazini kwa watu.

Vifaa navyo viombewe fedha za kuvitunza, si za kuvinunua pekee. Kipima gesi kinachotumiwa kabla ya fundi kuingia ndani ya tangi hupoteza usahihi kadiri muda unavyopita. Kisipohakikiwa kinaweza kuonyesha hewa salama mahali penye sumu, na shauri likifika mahakamani, wakili wa mwajiri ataomba kwanza cheti cha uhakiki.

Upande wa haki hauna mitambo ya kuonyesha, ndiyo maana husahaulika. Malalamiko ya ubaguzi, ujira usiolipwa na unyanyasaji hutumia saa za mahojiano, wakalimani, na chumba ambamo mlalamikaji hataonekana na mwajiri wake. Usiahidi kupunguza idadi ya malalamiko, kwani yanaweza kuongezeka kwa sababu tu watu wameanza kuuamini wakala. Ahidi muda wa kuyahitimisha.

Faini zisitajwe kama chanzo cha kugharimia bajeti. Wakala unaotegemea faini hushukiwa kutafuta makosa, na mapato yake hupungua pale waajiri wanapotii sheria.

Ukomo wa bajeti, yaani kiwango cha juu cha fedha ambacho wakala unaruhusiwa kutumia, ukitolewa pungufu, andika upya mpango wa ukaguzi kabla mwaka wa fedha haujaanza, ukitaja ni sekta zipi hazitafikiwa, kisha uuwasilishe kwa wizara kwa barua rasmi.