Jinsi ya kuzuia uwanja wa wazi wa mtaa usigeuzwe maghorofa

Juzi jamaa wa mtaa wa pili alinipigia simu saa nne usiku. Mabati yamezungushiwa uwanja wanaochezea watoto, na lori limeshamwaga kokoto. Alitaka nambari ya wakili. Nikamwambia wakili atafuata, kwanza aende akapige picha ubao. Haya ndiyo niliyomweleza. Ni ya Nairobi. Kaunti nyingine vyeo hubadilika kidogo, lakini sheria ni ile ile.

Hatua ya 1: Tafuta ilani, kisha hesabu siku

Anayetaka kubadilisha matumizi ya ardhi hutakiwa kutangaza gazetini na kuweka ubao kiwanjani. Mtaani kwangu, tulipopigania uwanja wetu, ubao ulipigiliwa kwenye shina la mjakaranda, nyuma ya mwavuli wa mama wa mahindi choma. Tuliuona siku ya tisa, na siku za kupinga ni 14 tu. Piga picha inayoonyesha ubao pamoja na pale ulipo, si maandishi peke yake. Pasipo ubao, piga picha vilevile: kutokuwepo kwake ni hoja.

Hatua ya 2: Kusanya majirani

Hili mnalijua. Neno langu ni moja: daftari la jalada gumu. Kwenye WhatsApp watu 200 watatuma vidole gumba. Kwenye daftari 40 watatia sahihi na nambari za vitambulisho, na hao 40 ndio watakaohesabiwa.

Hatua ya 3: Chimba asili ya kiwanja

Hapa ndipo nilipopoteza wiki mbili, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Mimi nilichukua nambari iliyo kwenye ubao, nikaomba upekuzi rasmi wa umiliki kupitia Ardhisasa, mfumo wa ardhi wa serikali mtandaoni. Jibu likaja safi: kampuni fulani, hati ipo, hakuna zuio. Tukanywea. Mzee mmoja wetu hata akasema turudishe michango ya watu.

Kosa langu lilikuwa kuuliza kiwanja ni cha nani leo, badala ya kuuliza kilitoka wapi. Mitaa mingi ya Nairobi ilikuwa shamba moja kubwa lililokatwa vipande. Aliyekata alipewa idhini kwa masharti: barabara, shule na uwanja wa wazi avisalimishe kwa umma. Wengine walisalimisha kwenye ramani tu, wala hawakukamilisha usajili. Kipande kikabaki kwa jina la yule yule aliyekata shamba, na miaka 20 baadaye mtu anakiuza, hati mkononi. Ripoti ya Ndung'u ya 2004, ya tume iliyochunguza ugawaji haramu wa ardhi ya umma, imejaa ardhi ya umma iliyopotea kwa mitindo ya namna hii na mibaya zaidi.

Kwa hiyo mnachotafuta ni karatasi mbili: ramani ya ugawaji wa kiwanja mama, yaani lile shamba la awali, na barua ya idhini yenye masharti. Ramani za upimaji zipo Survey of Kenya, ofisi ya serikali ya upimaji ardhi, kule Ruaraka. Barua iombeni kaunti. Angalieni mambo haya:

- Nambari hubadilika. Kiwanja chenye nambari ya zamani ya L.R. (Land Reference) huenda sasa kina nambari ya bloku. Ukiuliza kwa moja tu utaambiwa faili haipo. Nenda na zote mbili.
- Usimtume broka. Nilimtuma, akaniletea nakala ya kiwanja cha jirani, na pesa yangu haikurudi. Afadhali kumlipa mpima ardhi mwenye leseni akusomee ramani kwa saa moja.
- Mkizungushwa kaunta, andikeni ombi chini ya Sheria ya Kupata Habari ya 2016. Ofisi ina siku 21 za kujibu. Ndiyo, 21 ni nyingi kuliko 14. Msisubiri, pelekeni pingamizi na mseme ushahidi zaidi unakuja.
- Google Earth ina kitufe cha picha za miaka ya nyuma. Chapisheni tatu au nne zinazoonyesha goli za watoto zikiwa palepale. Huu ndio ushahidi wangu ninaoupenda, na ni wa bure.

Na mkiambiwa "hati ni safi", tajeni kesi ya Dina Management ya 2023. Kiwanja cha ufuoni Nyali, Mombasa, kilikuwa na hati na mnunuzi aliyekilipia. Mahakama ya Juu ikasema kilikuwa uwanja wa umma, na hati ambayo asili yake ina kasoro haimkingi aliyenunua.

Hatua ya 4: Barua ya pingamizi

Kurasa mbili. Msiandike kuhusu thamani ya nyumba zenu. Andikeni ramani, masharti, maji taka, barabara, watoto. Pelekeni kaunti kwa mkono, na nakala yenu igongwe muhuri wa kupokelewa.

Hatua ya 5: NEMA

NEMA ni mamlaka ya taifa ya mazingira. Tangazo lake la ripoti ya athari za mazingira likitoka, maoni yenu yafike ndani ya siku 30. Badilisheni anwani ya barua ile ile, ongezeni mifereji na miti.

Hatua ya 6: Wakipewa idhini hata hivyo

Kuna njia mbili, na watu huzichanganya. Idhini ya kaunti hukatiwa rufaa kwa Kamati ya Uhusiano ya kaunti ndani ya siku 14. Leseni ya NEMA hukatiwa rufaa kwenye Jopo la Kitaifa la Mazingira ndani ya siku 60. Hapa sasa mtafuteni wakili, naye aombe amri ya kusimamisha ujenzi siku hiyo hiyo, maana msingi ukishamwagwa zege kila mtu huanza kuwaambia mzoee.

Msiogope kuulizwa nyinyi mmeumia wapi. Mwaka 1989 Wangari Maathai alikwenda kortini kupinga jengo la ghorofa 60 katika Uhuru Park, akaambiwa hana haki ya kushtaki. Leo Kifungu cha 70 cha Katiba kinasema mlalamishi hahitaji kuonyesha hasara ya mtu yeyote.

Hatua ya 7: Usajili

Mkishinda, fuatilieni kile kipande kiandikwe kuwa cha umma, la sivyo mnunuzi mwingine atakuja. Mabati yetu yameondolewa, goli zimerudi, ila faili ya usajili bado iko mezani kwa mtu. Nimeambiwa nirudi Alhamisi na nakala mbili za ramani.