Kumwandikia shujaa wa fantasia mapenzi yake

Vijana wanaoandika hadithi za fantasia hunitumia rasimu zao kwa WhatsApp, nami huzisoma dukani hapa Biashara Street, Mombasa, mchana jua likiwa kali na wateja wa leso, hizi khanga zenye maandishi, wamepungua. Mazimwi wanawaandika vizuri. Vita wanavipanga, falme wanazipa majina ya kutisha, na kuna mmoja aliyenichorea mpaka ramani ya mito. Ikifika zamu ya mapenzi, wote hukimbilia palepale: mwezi unawaka, shujaa anamshika binti mfalme mkono, “Nakupenda kuliko uhai wangu.” Basi. Ukurasa unaofuata, panga zimerudi.

Mimi ni muuza leso. Najua mtu anaweza kupenda, kununa, kuomba radhi na kutishia kuondoka bila kufungua kinywa. Kwa hivyo nikupe njia ninayowapa wao.

Kabla hujaandika mstari wa mapenzi, jiulize: katika ufalme huu, nani ana ruhusa ya kumwonyesha nani mapenzi, na mbele ya nani? Kwetu wako wake wengi ambao mbele za wageni hawamwiti mume kwa jina lake. Ni Baba Fulani, basi. Uweke ulimwengu wako sheria ya namna hiyo. Labda waganga wa mlimani hawagusani ngozi kwa ngozi, kwa kuwa uganga utahama. Labda jina la kweli la mtu likitamkwa linamfunga, kwa hiyo wapendanao huitana kwa majina ya kubandika. Ukishaweka mwiko, hutahitaji mwezi. Mganga akivua glavu tu, msomaji ataacha kupumua.

La pili ndilo kubwa: mapenzi yapewe kazi ndani ya kisa. Yakiwa pambo, msomaji atayaruka ayafuate mapanga. Mfano bora tunao wenyewe, kwa Fumo Liyongo, shujaa wa hadithi za pwani, ambaye Muhammad Kijumwa wa Lamu alimtungia utenzi mwaka 1913. Liyongo ametiwa gerezani na sultani anayemwogopa. Mama yake anamletea chakula, walinzi wanakula kilicho kizuri. Liyongo anamtuma kijakazi Saada kwa wimbo: amwambie mama aoke mkate wa wishwa, yaani makapi ya nafaka, na ndani atie tupa, kile chuma cha kukerezea. Walinzi wakiuona mkate wa wishwa wanaudharau na kumwachia mfungwa. Kisha watu wakicheza gungu na ngoma zikirindima, yeye anakata pingu.

Tazama kilichofanyika hapo. Mkate mzuri ungeliwa na walinzi, kwa hiyo mama amemwokea mwanawe mkate mbaya makusudi. Hakuna haja ya mtu kumweleza msomaji kwamba anampenda. Na hadithi hiyohiyo ikifika mwisho inafanya jambo la kikatili zaidi. Liyongo, aliyechomwa sindano ya shaba kitovuni na mwanawe mwenyewe, anapiga goti kisimani upinde ukiwa mkononi, na anafia hivyohivyo. Watu wanaogopa kwenda kuteka maji. Wanamwita mama. Mama anakwenda kumbembeleza kwa maneno matamu apoe hasira, na anayembembeleza ni maiti. Ukitaka kumliza msomaji, mpe habari ambayo mhusika anayependa hajaipata.

Tuje kwenye maneno. Mteja wangu akishika leso hutazama rangi na pindo, lakini kinachomtoa pesa mfukoni ni jina, yale maandishi ya chini. Mke aliyeudhiwa atachukua “Nilikudhani dhahabu kumbe adhabu”, aivae, ampakulie mume wali kimya. Wifi akipita ataona leso mpya. Mume ataona kesi. Watu wako wa fantasia nao wahitaji chombo kama hicho: michoro ya ngao, misuko ya nywele, bendera za majahazi. Kiwe kitu ambacho wawili wanakisoma hivi na wa tatu anakisoma vingine.

Kijana mmoja alileta kisa cha nahodha Badi anayekwenda vitani na fundi matanga aitwaye Mwanashali. Aliandika hivi: “Badi alimkumbatia kwa nguvu. ‘Nitarudi,’ alisema. ‘Nakupenda.’ Machozi yakamtiririka Mwanashali.” Tukakaa nayo, tukafika hapa:

Mwanashali hakuinua uso. Sindano iliingia tangani, ikatoka.
“Mbona mishono maradufu?” Badi aliuliza. “Kusi si kali hivyo mwaka huu.”
“Nani kakwambia nashonea kusi peke yake?”
Badi akanyamaza. Kusi ndiyo ya kwenda. Kaskazi ndiyo ya kurudi.
“Usisimame hapo,” Mwanashali akasema. “Wanizuilia mwanga.”

Anamwamuru arudi, na anamfukuza asije akaona anavyotetemeka. Kijana alilalamika kwamba msomaji wa bara hatajua habari za kusi na kaskazi, pepo zinazosukuma majahazi. Atazijua, mradi uwe umemtajia mapema, tena kwa jambo lingine kabisa, kama vile bei ya tende kupanda majahazi ya kaskazi yakichelewa. Ukingoja kueleza ndani ya tukio lenyewe, umeliua.

Harufu pia mnaisahau, na ninyi ni watoto wa mji huu. Nguo ya shujaa imevukizwa udi nyumbani. Siku ya tatu porini bado inanukia, wenzake kambini wanamtania, yeye anakataa kuifua. Halafu yule mnyama anayewinda kwa pua anaifuata harufu hiyohiyo. Hapo mapenzi yameleta hatari, na kisa kimejisukuma chenyewe.

Wapendanao si lazima wawe mume na mke. Katika The Lord of the Rings, riwaya ya Tolkien iliyotoka 1954 na 1955, mtumishi Sam hawezi kumbebea bwana wake Frodo ile pete ya uovu, basi anambeba Frodo mwenyewe mgongoni kupanda mlima. Na utani je? Bibi zetu huwaita wajukuu wa kiume “mume wangu” na kuwagombeza kwamba hawaleti matumizi. Mpe malkia mzee ulimi huo, amwite hivyo kamanda wake mbele ya majenerali waliovaa deraya, uone kama hatutawapenda wote wawili kwa mara moja.

Ukiwa na kiumbe anayeishi miaka elfu akampenda binadamu, usiniandikie kurasa za huzuni. Niambie anatoa nini. Tolkien alimfanya Lúthien auache umilele kwa ajili ya Beren, na majina hayo mawili yako kwenye kaburi la mwandishi na mkewe Edith, Oxford. Gharama iwe wazi, na isirudishwe kwa uganga sura ya mwisho. Mkirudisha, mimi hutaka pesa zangu.

Busu? Liwemo ukitaka, moja, tena baada ya mipango kuharibika.

Ukimaliza rasimu, tafuta kila “nakupenda” uifute, kisha mpe mtu asiyejua kisa asome. Akiuliza “Hawa wana nini?” kwa sauti ya umbea, uko sawa. Akiuliza kwa kuchanganyikiwa, rudi kwenye mkate na tanga: kuna penzi hukulipa kitendo cha kulionyesha. Ukibakisha “nakupenda” moja, mpe asiyetarajiwa, jenerali mkali au mama mkwe. Nitumie siku za kazi, mchana. Wiki ya kuelekea Idi usinitumie chochote. Wateja hawanipi hata nafasi ya kumaliza chai.