Kempa mgongoni, boti nyuma: kurefusha huku ya pikapu bila kuvunja kitu

Wakuu, hili swali la kurefusha huku naulizwa sana na watu wa hapa Tanga wenye pikapu zilizobebeshwa kempa, kile kijumba cha kulala kinachokaa kwenye bodi. Kempa ikishakaa inatokeza nyuma ya bampa, huku (hitch), yaani kile chuma cha nyuma ya gari cha kuvutia tela, inabaki imejificha uvunguni na tela la boti halifiki. Wengi wanakimbilia kwa fundi wa kuchomelea, kinaungwa kipande cha bomba la mraba, safari. Subiri kwanza.

Ukirefusha chuma umejitengenezea mtaimbo. Tela lililopangwa vizuri linaikandamiza huku kwa asilimia 10 hadi 15 ya uzito wake, kwahiyo tela na boti vyenye kilo 1,000 vinakuletea kilo 100 mpaka 150 pale kwenye kichwa, ile tufe ya chuma ambayo tela linakalia. Chukua kilo 100 tu. Kama kichwa kilikuwa sentimita 20 nje ya tundu la huku, lile bomba la mraba ambamo chuma cha kichwa kinachomekwa, na wewe ukaongeza sentimita 90, sasa kiko sentimita 110, maana yake nguvu inayolipinda lile tundu na bolti zake kwenye chesisi imepanda mara tano na nusu wakati tela ni lilelile!

Alafu angalia ekseli. Gari ambayo matairi ya mbele na ya nyuma yameachana mita 3, kichwa kikiwa mita 1.2 nyuma ya ekseli ya nyuma, zile kilo 100 ekseli ya nyuma inazisikia kama kilo 140 na mbele kunapungua kilo 40. Sogeza kichwa mpaka mita 2.1 uone, nyuma inakuwa kilo 170 na mbele kunapungua 70, na hapo kempa yenyewe ilishazilalia springi kitambo. Usukani unakuwa mwepesi, taa zinamulika juu ya minazi.

Ndo maana watengenezaji wengi wa hizi nyongeza, yaani vyuma vya kurefushia huku, wanakwambia ukirefusha punguza mzigo, theluthi moja hadi nusu. Marekani ambako kempa ni nyingi kuna kampuni inaitwa Torklift, wao huku yao ina matundu mawili, moja juu ya lingine, na nyongeza inaingia yote mawili kwa pamoja ili isipinde. Kama fundi wako anataka kuunga bomba moja la inchi 2 kwa futi tatu, mwambie asante, hapana.

Mi kwa maoni yangu, kwakuwa matela yetu mengi yanachomelewa hapahapa, refusha mkono wa tela, kile chuma cha mbele kinachokuja kushika kichwa, badala ya huku ya gari. Kichwa kinabaki karibu na ekseli pale pale na mkono mrefu unapita chini ya kempa. Fundi atumie chuma kizito zaidi cha kipande kimoja, asiunge katikati, na ile jeki ya mbele ya tela aisogeze nyuma maana itagonga sakafu ya kempa. Kero yake ni kwamba kila ukifunga tela unaingia uvunguni na shati linachafuka, lakini bora shati. Hakikisha tu kuna nafasi ya kutosha juu ya mkono, tela likipanda tuta wakati gari limeshashuka usisikie kishindo.

Kama huna jinsi lazima urefushe huku, basi iwe fupi iwezekanavyo. Pima ukiwa umekata kona mpaka mwisho, pembe ya kempa isiguse tela, hapo hapo ndo kipimo chako, usiongeze hata kidogo kwa ajili ya "just in case". Minyororo ya usalama, ile inayoshika tela likichomoka, ndo watu wanakosea sana: wanaifunga kwenye nyongeza. Pini ya nyongeza ikikatika si tela na nyongeza vinaondoka pamoja? Ifunge kwenye chesisi au kwenye huku ya gari yenyewe, iungwe kwa shakoli nzima sio waya, ipishane chini ya mkono wa tela ili mkono ukidondoka ulale juu yake, na isiburuze lami. Waya wa taa uurefushe pia, ukiunga unga vizuri. Nyongeza ikicheza ndani ya tundu ibane kwa yu-bolti, ule mchezo ndo unaotanua tundu polepole.

Barabarani mkia mrefu una tabia yake, ukikata kulia wenyewe unakwenda kushoto kwanza. Kwenye mitaa ya Ngamiani na hizi baiskeli zetu mtume mtu ashuke akuangalizie. Na kama unakwenda Pangani ukavuke na pantoni, shuka ukaangalie ile njia ya kupandia kabla hujaingia, matairi ya mbele yakishapanda mkia unainama na nyongeza inalima chini. Maji yakiwa yamepwa mteremko unakuwa mkali zaidi, afadhali usubiri.

Ukishatoa boti baharini, Ras Kazone au popote, suuza kila kitu kwa maji yasiyo na chumvi, chomoa nyongeza siku hiyohiyo, ipake grisi na uiweke ndani. Ukiiacha mwezi kwenye hii hewa ya chumvi itashikana na tundu, utaitoa kwa nyundo na gesi.