Kutambua ioni katika mmumunyo, tone kwa tone

Makosa mengi ninayoyaona maabara hutokana na haraka ya mkono: mtu anayetafuta ioni (chembe zenye chaji, kama za shaba au kloridi) humimina alikali kwa wingi, mashapo (chembe ngumu zinazojitenga na mmumunyo) yakatokea na kuyeyuka kabla hajayaona, kisha akaandika kwamba hakuna kilichobadilika.

Hatua ya kwanza: suuza neli zote za majaribio kwa maji yaliyokenekwa, kwani maji ya bomba mara nyingi huwa na kloridi itakayokudanganya baadaye.

Hatua ya pili: weka mmumunyo unaochunguzwa wa kina cha sentimita 1 hivi, kisha dondoshea haidroksidi ya sodiamu, ambayo ndiyo alikali yetu, tone moja moja huku ukitikisa. Mashapo ya bluu huashiria shaba (II), na ya kahawia nyekundu chuma (III); namba hizo za Kirumi ni chaji ya ioni. Yale ya kijani kichafu ni ya chuma (II), nayo ukiyaacha kwa muda hugeuka kahawia upande wa juu yanakogusana na hewa. Mashapo meupe ndiyo yenye kazi. Ongeza alikali hadi izidi: ya kalsiamu yatabaki, ilhali ya zinki, alumini na risasi yatayeyuka.

Hatua ya tatu: chukua sampuli mpya na urudie kwa mmumunyo wa amonia. Mashapo ya zinki huyeyuka amonia inapozidi. Ya alumini na risasi hayayeyuki. Hizi mbili hutofautishwa kwa iodidi ya potasiamu, ambayo huipa risasi mashapo ya manjano angavu.

Ikiwa haidroksidi ya hatua ya pili haikuleta mashapo yoyote, pasha neli hiyo moto taratibu na ushikilie karatasi nyekundu ya litimasi (hugeuka bluu ikikutana na alikali), iliyoloweshwa, juu ya mdomo wake. Ikigeuka bluu, gesi ya amonia inatoka, yaani mmumunyo una ioni ya amonia. Lakini isiguse ukingo, maana alikali iliyoganda hapo nayo huigeuza.

Hatua ya nne: kwa sampuli nyingine, tia asidi ya nitriki iliyozimuliwa. Gesi inayofanya maji ya chokaa yawe kama maziwa huthibitisha kaboneti. Subiri mapovu yaishe kabisa, kwa sababu kaboneti iliyosalia hutoa mashapo meupe kwa fedha na kwa bariamu vilevile. Gawa mmumunyo mara mbili. Upande mmoja tia nitreti ya fedha: mashapo meupe yanayoyeyuka katika amonia ni ya kloridi, ya manjano ni ya iodidi. Upande wa pili tia nitreti ya bariamu. Mashapo meupe hapo ni ya salfeti. Usitumie asidi ya hidrokloriki kabla ya nitreti ya fedha, kwani huja na kloridi yake yenyewe.

Mabaki ya risasi na bariamu ni sumu; yamwage katika chombo chake, si kwenye sinki.