Jinsi ya Kusikiliza Rush Ilivyogeukia Sintesaiza

Ili kusikia jinsi Rush, bendi ya roki ya Kanada, ilivyogeukia sintesaiza (kinanda cha umeme kinachotengeneza sauti), anza na albamu yao ya Moving Pictures ya mwaka 1981, ambamo gitaa la Alex Lifeson bado linatawala, ingawa wimbo wa kwanza unafunguliwa na mngurumo wa sintesaiza. Kisha vaa hedifoni usikilize Signals ya mwaka 1982: katika wimbo wake wa Subdivisions kinanda ndicho kinachobeba wimbo, na gitaa limesogezwa nyuma. Ukitazama video za maonyesho yao, angalia miguu ya mpiga besi Geddy Lee, kwani bendi hiyo ilikuwa na watu 3 tu, na yeye, huku akiimba, alikanyaga pedali za Moog Taurus, yaani sintesaiza ya besi inayopigwa kwa miguu, ili besi isikatike mikono yake inapohamia kwenye kinanda. Power Windows ya mwaka 1985, ambayo kwa maoni yangu imejazwa vinanda kupita kiasi, iache mwisho.